Chakula cha Mchana kwa Mtaliano

Siku tulipoondoa matanga ya mume wangu, patroni wake, tajiri aliyemwajiri, hakuja. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mawe, na lori lilimpindukia kwenye mteremko. Kwetu Kigali, siku ya kuondoa matanga watu husimama mmoja mmoja na kumzungumzia marehemu. Nilimngoja patroni aje asimame, kwa sababu yeye ndiye aliyeeneza kwamba dereva wake alikuwa amelewa. Mume wangu aliacha pombe kabla hatujaoana. Akialikwa mahali, aliugusisha mdomoni mrija wa kibuyu cha pombe kwa heshima tu, kisha akampa jirani.

Juma lililofuata patroni akatuma gari. Alitualika, mimi na shemeji yangu, kaka wa marehemu, tukale naye kwa Mtaliano, mkahawa wa wakubwa kule Kiyovu, ili tuongee kwa utulivu. Nilivaa nguo yangu ya msiba. Nilijiambia: amejirudi, anataka kusema neno lake.

Meza zilikuwa na vitambaa vyeupe kuliko vya altare. Kulikuwa na Wazungu, na wakubwa wa wizarani, na hakuna aliyeonekana kujua kwamba kaskazini kuna vita. Mhudumu alileta chupa ya mvinyo, akammiminia patroni kidogo. Patroni akaonja, akatikisa kichwa kukubali.

Moyo wangu ulitulia. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu, kisha humpa chombo hicho hicho. Patroni alisoma Ulaya, lakini alizaliwa kwenye vilima vile vile vyetu. Nikanyoosha mikono yote miwili kuipokea glasi yake.

Akacheka hadi meza ya jirani ikageuka. "Mama, hapa si kwenye kibuyu! Kila mtu iko na glasi yake."

Shemeji naye akacheka, tena kwa sauti kumzidi.

Nilirudisha mikono mapajani. Tambi zikaletwa, zenye nyama, mchuzi wa nyanya na jibini juu. Sikuzigusa.

"Patroni," nikasema, "ulisema mume wangu alikunywa."

"Tule kwanza, mama."

"Alikunywa?"

Akatazama huku na huku, akainama. "Hapana. Yule? Hata kwenye harusi yangu aliomba Fanta. Ni breki. Alinilalamikia zile breki, nikamwambia amalize nazo mwezi kwanza."

Alilisema hivyo hivyo, huku akizungusha tambi kwenye uma.

"Basi njoo nyumbani uliseme mbele ya watu."

"Nimekwambia wewe, mjane wake. Haitoshi? Nikilisema mbele ya watu wataniuliza habari za lori. Nina madereva wengine, nina watoto."

"Na mimi sina?"

"Mama, usipandishe sauti. Hapa ni mahali pa watu wa heshima."

Sijui kama nilikuwa nimepandisha sauti. Mimi si mtu wa kelele. Nikamgeukia shemeji: "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utasema nyumbani?"

Alimtazama patroni kwanza. Alikuwa anaitaka kazi ya kaka yake, na nafasi bado ilikuwa wazi. "Shemeji," akaniambia, "kula. Chakula kinapoa."

Nikainuka nikawaacha. Niliteremka kwa miguu kwenye jua. Nilipofika nyumbani niliwaambia majirani. Wengine walinionea huruma, wengine wakasema mjane lazima amtetee mumewe. Shemeji alipoulizwa alijibu kwamba hakusikia vizuri, mle ndani palikuwa na muziki. Hapakuwa na muziki. Mwezi haukuisha kabla hajapewa lori.

Haikuchukua muda mrefu, mauaji yakaanza, msiba ukaingia kila nyumba ya mji huu. Patroni hayupo tena, na shemeji pia hayupo, na wote wawili niliwalilia, sidanganyi. Nao wengine huniambia: baada ya yote yaliyotupata, bado unahangaika na jina la dereva mmoja? Ndiyo, nahangaika. Huyu alikufa kabla, na alikufa akiitwa mlevi, na mtu aliyejua kwamba si kweli alinieleza akiwa na mchuzi kidevuni, kisha akaomba jibini zaidi.

Hakuwa amelewa. Zilikuwa breki.