Malori Yaliyokosa Jua

Plasta inataka siku kumi za jua ikauke, na Januari ile La Paz, Bolivia, haikupata hata tatu. Kwa kawaida mvua ya milimani hukuachia asubuhi, ikaja mchana. Mwaka huo ilianza alfajiri. Eusebia Tarqui alikuwa amemimina kwenye kalibu malori mia nne ya plasta, kila moja kama kidole gumba, kwa ajili ya Alasitas, siku ambayo watu hununua kwa udogo kile wanachotaka mwaka uwape kwa ukubwa. Lazima kinunuliwe kabla kengele za saa sita adhuhuri hazijanyamaza. Saa saba ni kichezeo tu.

Bintiye wa mwisho, Nélida, alikuwa amempa neno: malori yakiuzika, anabaki, yasipouzika, anakwenda São Paulo, Brazili, kushona nguo kiwandani, walikokwisha potelea kaka zake wawili.

Siku moja kabla ya Alasitas malori yalikuwa bado mabichi. Eusebia akayapaka rangi hivyo hivyo.

Kesho yake saa tano na nusu uwanja wa soko ulifurika. Jirani yake, Casta, aliuza vidumu vya dizeli na chupa za mafuta ya kula zenye ukubwa wa ukucha, na mikono haikumtosha. Dola ndogo za karatasi, zilizokuwa zikigombaniwa miaka yote, hakuna aliyezitazama. Walizinunua mwaka jana, na bado za kweli zilikwisha adimika benki. Nani angejifariji na za bandia?

"Baba, lori jipya hili!" Eusebia alimwita dereva mmoja.

"La nini, mama? Ninalo. Siku ya nne leo limelala foleni ya dizeli. Ukiniuzia la pili, nani atalilinda?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Casta, ingawa aliinamisha uso.

Hatimaye mwanamke mmoja alinunua moja, akalipeleka kwa mganga aliyekaa hatua chache pembeni ili libarikiwe. Mganga akalifukiza ubani, akalinyunyizia divai. Rangi nyekundu ikamchuruzika vidoleni. Gurudumu likabonyea, likadondoka.

"Hee! Limevunjikia kwenye baraka!" mwanamke akapiga kelele. "Mwaka wangu huo, mama! Nirudishie hela yangu!"

Baada ya hapo hakuna aliyesimama kwenye meza yake. Mvua ya mawe ikaanza kugonga maturubai.

Zilibaki dakika tatu kufika saa sita Nélida alipokuja, akamshika mama yake mkono, akamvuta hadi kwenye meza ya Casta. Akachukua kisanduku cha safari kisichozidi kiberiti, chenye pasipoti ya karatasi ndani.

"Ninunulie hiki."

"Jinunulie. Mikono unayo."

"Mama, unajua. Cha kujinunulia hakishiki. Lazima nipewe."

"Na unataka kishike?"

Nélida hakukirudisha mezani. Kengele za kanisa zikaanza kulia.

Casta akakisukuma mbele. "Chukua, dada yangu. Sitaki hela."

"Cha bure nacho hakishiki," alisema Eusebia. Akalipa. Akakiweka mkononi mwa binti yake, akamfikisha kwa mganga, akasimama hapo na mwavuli juu ya chetezo, moto usije ukazimika.