Kioo cha Gari la Mkwe Wangu

Mimi majina siyasahau. Niulize mtu aliyezikwa nikiwa bado binti, nitakutajia lake na la mama yake. Lakini la mume wa binti yangu halijatoka kinywani mwangu tangu alipokuja kuoa. Kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake, hampi mkono, hamtazami machoni, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Na kama lake silitaji, basi na wengine humu wakae bila majina.

Binti yangu anaishi Dodoma. Walikuwaga kwenye chumba cha kupanga, sasa wamejenga. Kila mwaka ananiita, na mimi kila mwaka namtafutia sababu: mara mahindi, mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara mguu. Mwaka huu mjukuu wangu, binti wa kaka yake, alipomaliza chuo akaja huku kijijini kwetu Mwitongo.

"Bibi, tunakwenda kutalii makao makuu."

Akanionyesha picha kwenye simu. Bunge, mji mpya wa serikali, stesheni ya treni ya umeme, na reli ya zamani ya Wajerumani. Bunge nalisikiaga redioni tangu ujana wangu. Nilitaka nikaone wanapokaa wale watu wakigombana, nione kama viti vyenyewe ni vikubwa kama sauti zao. Nikasema twende. Nilisema kabla sijauliza tunakwendaje.

Mpango wenyewe nikaja kuusikia Bweri, Musoma mjini, nyumbani kwa mwanangu, baba wa huyu mjukuu. Nilikwenda na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mkwe alikuwa amekuja Musoma na gari kwa shughuli zake, na wakati wa kurudi angetubeba.

"Bibi utakaa mbele na anko," mjukuu akasema. "Mbele ndiyo kwa heshima. Utaona nchi yote."

Wifi akaweka kikombe chini. "Mbele? Ubavuni mwa mkwe, mpaka Dodoma?"

"Kwani anauma?"

"Angekuwa anauma ingekuwa nafuu. Na usiku bibi yako atalala wapi?"

"Si kwa shangazi."

"Kwa shangazi ni kwa nani?"

Wifi akanigeukia mimi. "Nenda. Lakini ukivunja mwiko na mtoto wao akaugua, usije kulia kwangu."

Hapo hapo simu ikaita, binti yangu, na mjukuu akaiweka kwenye spika kabla sijamzuia.

"Mama, shangazi yangu hapo namsikia. Najua mnachosema." Alikuwa anaongea taratibu, na anapoongea taratibu ndipo ninapoogopa. "Mama wa mume wangu ameshakuja. Majirani wananiuliza kama mimi nina mama. Sasa sikiliza. Ukikataa gari la mume wangu, umemkataa yeye. Na safari hii usipokuja, sitakuita tena."

Akakata.

Nilikuwa bado naishikilia meza gari lilipoingia uani. Nikajitanda khanga, nikaingia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango. Mkwe akabaki nje karibu na gari. Mjukuu akasimama mlangoni katikati yetu, maana ndivyo tunavyoongea mimi na mkwe, kwa mtu wa kati, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mama shikamoo."

"Bibi, anko anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize nyumba ya huko ina vyumba vingapi."

Mjukuu akaanza kucheka, akaniangalia usoni, akaacha.

"Mwambie mama vyumba si tatizo. Siku atakazokuwepo mimi nitalala kwa rafiki yangu, mtaa wa pili. Nilishaongea naye. Nyumba ni ya binti yake."

Nilikaa kwenye gunia la mihogo. Kumbe aliliwaza kabla yangu. Wifi, aliyekuwa ukumbini, akaguna tu.

"Na garini?" nikauliza.

"Mwambie akae nyuma."

"Mwambie kuna kile kioo cha dereva. Wa nyuma na dereva hukutana macho."

Mkwe akasema tujaribu, akatoka nje ya geti. Nikapanda kiti cha nyuma, mjukuu akakaa kiti cha dereva akatazama kioo.

"Nakuona, bibi."

Nikasogea dirishani.

"Bado nakuona. Na meno."

Nikashuka kitini mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele.

"Sasa naona kilemba tu."

Wifi alikuwa amesimama barazani. "Hivyo mpaka Dodoma," akasema, "utafika umejikunja kama herufi S."

Nilipokuwa nimejikunja pale, dirishani sikuona kitu ila ukingo wa ukuta na mbingu. Nikafikiria Bunda, Shinyanga, Singida, nchi yote ile inapita na mimi natazama mgongo wa kiti. Na kioo hakigeuzwi, dereva bila kioo atatuua wote.

Nikarudi jikoni. Mkwe akaitwa. Maneno yalikuwa mazito mdomoni, maana nilijua yakifika vibaya nimempoteza binti yangu.

"Mwambie mkwe gari lake nimelipokea. Abebe mizigo yangu, abebe na jogoo niliyemletea binti yangu. Mimi na wewe tutapanda basi, nikae dirishani."

Mjukuu akayasema yote, na la jogoo. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, nikajua anaondoka. Halafu mlango wa buti ukafunguliwa.

"Mwambie mama alete huyo jogoo. Na mwambie nitakuwa nyuma ya basi njia nzima. Likiharibika, nipo."

Nikampigia binti yangu mwenyewe. Nikamweleza yote, basi, jogoo, na mume wake kulala mtaa wa pili.

"Yaani mama," akasema, "hujafika, umeshamfukuza mume wangu kwake."

"Sijamfukuza. Amejifukuza mwenyewe."

"Utalala kwangu?"

"Nitalala."

Akaniuliza kama bado napenda kulala upande wa ukutani. Nikasema ndiyo.