Chuma Kilirudi, Alama Haikurudi

Anselm Luhende alikuwa mkalimani katika ofisi ya wakili mmoja mtaani Kanyenye, mjini Tabora. Asubuhi moja ya mwaka 1951 aliitwa chumba cha ndani amfasirie onyo mkulima aliyelalamikiwa kwa kuuza nta yenye alama ya kampuni moja ya Kizungu inayonunua nta. Alipoingia alimkuta baba yake ameketi kwenye benchi, kofia mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye uliyetumwa kunikaripia?"

Meneja wa kampuni aliuliza wanasemaje. Anselm akajibu kwamba wanasalimiana, kisha akafasiri neno kwa neno, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alama ya mguu wa kwale, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, ni mali ya kampuni. Imesajiliwa Dar es Salaam. Mzee Luhende wa Lusu akiipiga tena kwenye nta yake, atapelekwa mahakamani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mguu ule ulichomwa kwa chuma cha moto kwenye mizinga ya ukoo wake tangu babu yake aliporudi kutoka pwani na msafara wa pembe. Porini hakuna aliyegusa mzinga wenye mguu huo. Sokoni, nta yenye mguu huo ilinunuliwa bila kuvunjwa kutazamwa kama imefichwa uchafu ndani.

"Muulize chuma alikipata wapi."

Meneja hakuficha: alikiazima. Alifika Lusu, akala asali, akaomba chuma ili apige alama mabonge aliyoyanunua kwa mzee, wanunuzi wa Ulaya wapate kuyatambua. Katika ukoo wa Luhende, aliyevunjikiwa chuma huazima cha ndugu yake, na siku ya kukirudisha huleta na kitu kitamu. Meneja alikirudisha pamoja na mfuko wa sukari. Mzee akaona mgeni ana adabu. Hakujua kwamba kwa watu wa bwana yule mtu anaweza kurudisha chuma na kubaki na alama.

"Basi nimrudishie sukari yake?" mzee aliuliza. "Tatizo ni kwamba tumeshaimaliza."

Anselm alifasiri na hilo pia. Wakili alicheka. Meneja hakucheka.

Barazani, meneja alimvuta Anselm pembeni. Alipenda utulivu wake. Kampuni ilikuwa ikitafuta Mwafrika wa kupelekwa London akasome sheria, aje kulinda alama zake Nairobi na ng'ambo.

"Yule mzee ni baba yangu," Anselm alisema.

"Vizuri zaidi. Utawaelewesha wenzako."

Jioni, wakisubiri lori la Nzega la kumrudisha mzee Lusu, Anselm alimweleza baba yake.

"Wakusomeshe nini?"

"Kulinda alama."

"Za nani?"

"Za kampuni."

"Lakini elimu hiyo ipo kweli?" mzee aliuliza. "Hawakudanganyi?"

"Ipo, baba."

"Basi isome. Ila kamba ya kupandia mti usipewe na yeye."

Kamba waliitoa warina asali wa Lusu. Msimu baada ya msimu walitenga sehemu ya nta yao kwa ajili yake, naye akafika London. Huko alifundishwa kwamba sheria ya alama za biashara ipo ili mnunuzi asidanganywe. Alilisoma fungu hilo akimkumbuka baba yake kwenye lile benchi, na hasira haikumtoka.

Mwaka 1957 alisimama mahakamani Dar es Salaam akiwa wakili wa baba yake. Wakili wa kampuni alidai kwamba mguu wa kwale ni mikwaruzo ya washenzi kwenye miti, si alama ya biashara. Anselm akamwita Tatu binti Nassibu, mchuuzi wa nta wa Tabora.

"Nta ya Luhende ulikuwa ukiivunja kabla ya kununua?"

"Nivunje nitafute nini? Si umeuona mguu?"

Usajili wa kampuni ukafutwa. Lakini kila nchi ina daftari lake la alama, na katika kila daftari kampuni ilikuwa imetangulia. Ndiyo maana Anselm alikwenda Nairobi, kisha akarudi London. Watu wakaanza kumwita bingwa wa alama za biashara, wakampa kesi za chai, za sabuni, za vitambaa. Walimsifu kwa kufika mbali. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa mrina asali alilazimika kuvuka bahari ili baba yake aruhusiwe kutia alama kwenye nta yake mwenyewe.

Mwaka 1960 alikuja Lusu likizo. Baba yake alikuwa uani, chuma ki motoni.

"Kwale kafika wapi?"

"Nairobi tumemtoa mikononi mwao. London tumemtoa. Amebaki Ujerumani."

Mzee alichokoa makaa. "Meneja yule alikula asali yangu hapohapo ulipokaa. Unaondoka lini?"

"Keshokutwa."

"Haya. Nishikie mzinga huu."

Anselm akavua koti, akaushika kwa mikono miwili. Mzee akakandamiza chuma kwenye gome mpaka moshi ukawaficha wote wawili.