Jogoo wa Mmanyema

Mimi kwetu ni Maguu, huko juu kwenye kahawa, ambako milima imesimama wima mpaka boga likikudondoka shambani unalifuata ziwani, na ukilifikia limeshaiva. Nilishuka pwani ya Ziwa Nyasa kwa sababu ya mke. Mke wangu ni Mnyasa, na Wanyasa hawapandi milima kwa ajili ya mwanaume. Nikashuka mimi.

Jirani yangu alikuwa mwalimu, aliletwa na serikali kutoka Tabora. Alikuwa mpole, Mwislamu, anaishi peke yake, na kila asubuhi akipita kwenye ua wetu ananipa shikamoo nzito kama ya kumpa askofu. Tena alikuwa na jogoo. Jamani, yule jogoo! Kivuli chake kilitosha kuku watatu na mtu mmoja mwembamba. Akiwika, Wamalawi ng'ambo ya ziwa walikuwa wanaamka, wanaosha uso, ndipo wanagundua kwamba si jogoo wao.

Basi siku moja ikaja habari kwamba mama yake mwalimu amefariki huko Tabora. Waislamu hawachelewi kuzika. Kutoka kwetu mpaka Tabora, hata ukipata gari zote zikikusubiri kama rais, unakuta wameshazika. Mwalimu akakaa msiba hapo hapo nyumbani kwake, kwenye mkeka, na sisi majirani tukaenda kukaa naye.

Sasa mimi nina bibi Mngoni. Na Wangoni na Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, ni watani, hilo hata mbuzi wa huku wanajua. Mtani akifiwa, huendi kukaa kimya kama gunia la mahindi. Unakwenda kumvuruga mpaka acheke, hiyo ndiyo kazi. Nikajiambia, huyu mtu yuko mbali na kwao, hana mtani hata mmoja pwani nzima, nisipokuwa mimi na damu ya bibi yangu. Nikachukua kanga mbili za mke wangu, moja kiunoni, moja kichwani, nikaingia msibani nalia kwa sauti ya fisi.

“Uuuwi, mkwe wangu! Umekufa hujanionyesha mbuzi wangu! Wanyamwezi ninyi, hata kufa mnakufa kwa uvivu, mmelala tu mmesahau kuamka!”

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikajilaza katikati ya mkeka, nikafumba macho. “Marehemu ni mimi. Leteni chai, marehemu ana njaa.” Wamama walikuwa wanafuta machozi, lakini ya kucheka. Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikajua, huyu anaficha kicheko, anaona aibu ya ualimu. Nikapanda dau. Nikatoka uani, nikamkamata yule jogoo, nikapita naye mbele ya watu wote: “Huyu mateka wa Wangoni!” Nikaondoka naye.

Kwa mila, mwenye mali anakuja kuikomboa, hata kwa sahani ya ugali, mnataniana, yanaisha. Nilisubiri siku mbili. Hakuja. Nikaona amenisusia, basi tukamla. Sufuria ilikataa kumfunika, mguu mmoja ulibaki nje unatuangalia.

Asubuhi yake nimesimama uani nasugua meno, mwalimu akapita. Shikamoo haikuja. Nikakohoa. Akapita. Siku ya pili nikamwahi mimi: “Mwalimu, habari za asubuhi?” Akatazama ziwa kana kwamba limemwita. Jamani, mimi nipigeni, ninyimeni chakula, lakini msininyime maneno. Siku ya tatu nilikuwa nimekonda.

Mke wangu ndiye aliyekwenda kuuliza. Akarudi, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

“Wewe mzee, umetuaibisha. Yule si Mnyamwezi.”

“Si wa Tabora?”

“Wa Tabora, lakini Mmanyema. Wazee wake walitoka Kongo. Hana utani na wewe, wala na bibi yako, wala na bibi wa bibi yako. Umemtukania mama yake aliyekufa, ukaiba kuku.”

Nikakaa chini. Nyama ya jogoo niliisikia tumboni inajaribu kuwika.

Nikaenda ufukweni, nikamkuta katekista wetu wa Anglikana anageuza usipa wake kwenye kichanja, samaki wadogo kama kucha, wanang'aa. Nikamweleza. Hakunionea huruma hata kidogo.

“Umeiba, baba. Usiibe, imeandikwa.”

“Mwaka jana ulibeba sufuria ya mtani wako, jeneza bado lipo ndani. Nilikuona.”

“Ule ulikuwa utani.”

“Na mimi nilikuwa natania!”

“Hukuwa na mtani.”

“Kwa hiyo Mungu kabla hajaandika dhambi anauliza kwanza kabila? Kuku yule yule, mkono huu huu, mdomo huu huu. Akiwa Mnyamwezi mimi mtu mwema, akiwa Mmanyema mimi mwizi?”

Katekista akageuza usipa ambao alishaugeuza. “Hilo,” akasema, “niulize Jumapili.” Maana yake hajui.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo haikukaa shule hata ya kuangalia dirishani, ikapata moto. Kama kosa linaondolewa na utani, na utani ni watu tu walikubaliana zamani, basi na sisi tukubaliane leo! Nikapaza sauti, waanika usipa wote wakaja. Nikawaambia: kuanzia leo, Wamanyema ni watani wa pwani hii, nani anakubali? Mikono ikapanda yote, mingine bado imeshika samaki. Hata katekista alinyoosha, nusu. Nikapanda kwa mwalimu naruka kama ndama.

Alikuwa amekaa barazani anasahihisha madaftari. Nikasema, “Mwalimu, mambo yamekwisha! Tumepitisha, wewe ni mtani wetu. Pwani nzima imekubali. Kosa hakuna tena.”

Akaweka kalamu chini. Nikafurahi, maana alifungua mdomo.

“Mzee wangu, mimi mlinipigia kura wapi?”

Nikakosa la kusema. Mnielewe vizuri: mimi nikakosa la kusema.

“Hata ingekubali Tanzania nzima,” akasema, “siku ile niliinama kwa sababu nilikuwa nalia. Mtayapigia kura na machozi, yawe hayakutoka?”

Mimi nilikuwa nimeyaona. Hapo ndipo paliponiuma. Alipoinama, niliona bega linatikisika, na kuna kitu ndani yangu kikasema huyu hacheki, nami nikakiambia nyamaza, mimi Mngoni. Kabila sikulijua, lakini bega nililiona. Na angekuwa Mnyamwezi mwenye pembe, bega lile lingenidai niache. Utani uliwekwa mfiwa apumue. Mimi nilimkalia kifuani.

Nikasema, “Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe.” Bila kichekesho mbele wala nyuma. Jasho lilinitoka kama nimepanda milima ya Litembo na gunia mgongoni.

Akashika tena kalamu. Nikatafuta neno, nikaokota hili: “Mama alikuwa mtu wa namna gani?”

Akaniangalia. Akasema, “Tangu afe, hakuna aliyeniuliza.” Akaanza. Kwamba mama yake alikuwa mkali, akipika hataki mtu aonje. Kwamba kila Ijumaa wakiongea kwa simu, yule jogoo anawika, na mama anacheka kule Tabora: huyo mkwe wangu ananisalimia, mwambie nimeitikia.

Mungu wangu. Na mimi nilikuwa nimemla mkwe.

Nilikaa mpaka mke wangu akaja kuchungulia kama nimezimia, maana sauti yangu haikusikika muda mrefu. Nikamwahidi mwalimu jogoo wangu. Akakataa. “Huyo wako hawiki, anakohoa. Arobaini ya mama nitafanya kisomo hapa. Njoo uchanje kuni. Na mdomo, mzee wangu, uache nyumbani.”

Nilikwenda kabla jua halijachomoza vizuri. Nilichanja kuni za kuchemshia ziwa zima na samaki wake. Masheikh wakasoma, wamama wakapika, mimi kimya, nainama tu na shoka. Watu wakaanza kunong'ona. Mwishowe mwalimu akatoka ndani na kikombe cha chai, akanisogelea.

“Mzee, sema basi kidogo. Watu wananiuliza unaumwa nini.”