Mama wa Kang'ata Niliyempita bila Salamu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo natafuta pa kuficha uso. Nimesikia umechaguliwa chuo cha uuguzi. Nimesikia pia wenzako wanakucheka, eti unakwenda kusomea kumwaga mikojo ya watu. Waache! Mimi nimeimwaga miaka thelathini na ushei, nimesomesha watoto wanne, na hapa Korogwe sifiki stendi bila mwanamume mwenye ndevu kunisimamisha akisema mimi ndiye niliyempokea siku anazaliwa. Kazi uliyochagua ni kazi haswa. Lakini kaa kwanza nikusimulie, maana hili chuoni wanaweza kulipitia juu juu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimesajiliwa, leseni bado inanukia wino. Msichana wa Dindira, nimekulia kwenye baridi na chai, nikapangiwa kituo cha afya kimoja huko Handeni kwenye jua kali. Gauni jeupe nalipiga pasi mpaka linasimama lenyewe, saa nimeibana kifuani. Na kichwa, mwanangu, kilikuwa kikubwa kuliko kofia! Nilijiambia kazini hakuna shikamoo, kazini kuna muuguzi na mgonjwa. Nani alinifundisha hivyo? Hakuna. Nilijitungia tu.

Asubuhi hiyo akaletwa msichana kutoka Kang'ata, jina lake Zaina. Alikuwa na nimonia, anahema kwa shida, homa imempanda hata maneno yanampotea. Aliyemleta ni mama yake, mtu mzima, kanga zimejaa vumbi la safari. Daftari la zahanati lilikuwa limepotea, wakanunua jipya hapo nje, halina hata mstari mmoja. Daktari akaandika sindano ya penisilini, akaniagiza nimuulize mama kwanza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru mtoto, maana mgonjwa mwenyewe hakuwa wa kuulizwa.

Nikaenda, nikasimama mbele ya yule mama, peni mkononi, sikumsalimu.

"Mgonjwa wako kuna dawa inamdhuru?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akanyamaza. Mtu mzima wa Kizigua hamwelezi shida yake mtoto ambaye hajamwamkia. Anangoja salamu, ndipo aseme. Nami nililijua hilo vizuri, kwetu milimani ni hivyo hivyo, lakini gauni lilikuwa limenipanda kichwani. "Mama, jibu, kuna foleni!" Kimya. Nikaandika: Hakuna. Alipoanza, "Sasa wewe binti, kule zahanati...," nilishamgeuzia mgongo. Nikamwambia akakae benchi la nje, ataitwa.

Nikavuta dawa, nikampangusa Zaina kwa pamba. Wakati huo mkuu wetu wa wodi, Sista Agnesi, mama mnene mwenye miguu ya kuvimba, alikuwa anapita pale kwenye benchi. Nikamsikia kupitia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakaulizana habari za Kang'ata, mvua, mahindi yamefikia wapi. Moyoni nikacheka, nikasema huyu naye, watu wanahema yeye anauliza mahindi! Hata mahindi hayajaisha, yule mama akasema, "Nina mtoto humo ndani, na naogopa sindano. Mwaka jana zahanati walimchoma penisilini, akavimba uso, koo likaziba, tukajua amekwenda. Wakatuambia asichomwe tena maisha yake yote."

Sijapata kumwona mtu mwenye miguu mibovu akikimbia vile. "Weka chini!" Sindano ilikuwa imebakiza upana wa kidole kufika kwenye ngozi. Nikaiweka kwenye trei. Daktari akabadilisha dawa, na siku ya nne Zaina alikuwa anakunywa uji kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ile Sista Agnesi hakunifokea mbele ya watu. Alinipeleka chumba cha dawa akafunga mlango.

"Umeandika hakuna. Nani alikuambia hakuna?"

"Alinyamaza, Sista."

"Mtoto wa mtu angekufa kwa sababu umeona tabu kusema shikamoo. Nenda ukamwambie mama yake hivyo hivyo."

Ee Mungu wangu! Hatua ishirini, naziona kama safari ya kupanda Dindira na mzigo. Nikapiga goti mbele ya benchi, foleni nzima inatazama, machozi yananitoka. "Shikamoo, mama. Nilikaribia kumuua mwanao." Nikamweleza yote, hata lile neno nililoliandika. Nikajua sasa natukanwa.

"Marahaba," akasema. "Inuka ukanawe uso, urudi ukamtazame mwenzio."

Akanikabidhi mtoto wake mimi yule yule. Chuoni nilipata cheti, mwanangu, lakini uuguzi niliupatia pale chini kwenye vumbi.

Basi nakuambia waziwazi. Nenda ukasome. Vipimo vya dawa vijue ndani nje, faulu, usajiliwe, uvae gauni lako kwa raha zako. Utaweza, sina wasiwasi hata kidogo, nimeona unavyomgeuza bibi yako kitandani bila kumuumiza. Ila kabla hujamgusa mgonjwa, msalimie, uwasalimie na waliomleta, uwaulize, halafu ungoje wajibu. Foleni itasubiri. Usilolijua usiliandike kana kwamba unalijua. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo kabla hujaulizwa, hata kama ni kwa kupiga goti.

Mungu akupe mkono mwepesi, akuepushe na kile kiburi kilichotaka kunifanya muuaji nikiwa na miaka ishirini na tatu. Kila atakayeletwa mbele yako amebebwa, arudi kwao kwa miguu yake. Amina.