Nilimfunga Kaka Yangu Buti kwa Mikanda ya Makatoni

Kosa ni langu, wala msinitafutie udhuru. Nimeuharibu mguu wa kaka yangu kwa mikono hii hii inayoandika. Nakwambia wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua nimewadanganya vya kutosha.

Nafanya kazi kwenye ghala moja huku Rusayl, eneo la viwanda. Tunaleta vifaa vya miguu: mabuti ya plastiki ya waliovunjika, soksi za kubana kifundo, mabamba na skrubu za mifupa. Vingine vinatoka Ujerumani, vingine China, vingine India. Kazi yangu ni kufungua makatoni na kupanga mali, basi. Lakini mimi nikishika kitu sitaki kukijua nusu. Nilisoma vijitabu vyote vilivyokuja na mali, nikaangalia video za madaktari mpaka macho yakaniuma. Nikajiona najua. Nikimwona mtu barabarani buti lake limekaa kombo, usingizi hauji!

Kaka yangu Salim ni mtu wa zimamoto. Alianguka kwenye ngazi ndefu ya gari la zimamoto kazini, kifundo kikavunjika, akatiwa bamba na skrubu. Mkubwa wake akamwahidi kuwa nafasi yake ya kupanda ngazi itamngoja mpaka apone. Kaka hana anachokipenda duniani kama ile ngazi.

Nikamnunulia buti bora kuliko yote ghalani, la Kijerumani. Akashukuru. Lakini kila swala analivua! Anataka kutawadha, maji yaufikie mguu. Adhuhuri kalivua, alasiri kalivua, na akilirudisha anafunga ovyo ovyo. Video zangu zilisema buti halivuliwi.

"Kaka, unajiharibu. Pangusa maji juu ya buti, yatosha."

"Kasema nani? Dokta wa makatoni?"

Mama akaangua kicheko jikoni. "Mwache mwenzio we! Nnakwambia kila siku, si kila kitu wewe fundi!"

Kicheko kile kiliniwasha.

Ijumaa iliyofuata Mama alisafisha bafu, akaenda mji wa Al Amerat kwa dada yake. Nikamkuta Kaka amekaa bafuni, buti kalivua, anajitayarisha kwa swala. Mkononi nilikuwa na mikanda ya plastiki ya kufungia makatoni, ile ikishakazwa haifunguki ila kwa kisu.

"Ukishatawadha leo nakufunga mimi. Na hulivui tena."

"Toka, mtoto wee! Nenda kacheze na makatoni yako!"

Nikamsukuma, akaporomoka chini. Akanipiga kofi likanipasua mdomo. Nilipoionja damu yangu, nikawa mnyama. Nikamkalia gotini. Nikaushindilia mguu ndani ya buti, nikaupiga ngumi ili kisigino kishuke mpaka chini.

"Acha! Wallahi unaniua! Acha!"

Alinivuta nywele, akaning'ata mkono. Kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: mguu ukae wima sawasawa kama kwenye picha. Nikakaza mkanda baada ya mkanda. Kisha nikauegemea unyayo kwa kifua changu, nikasukuma.

Kitu kikalia mle ndani. Kaka hakupiga kelele tena. Alitapika.

Nikakimbilia kisu. Kwa haraka nikamchana shavu la mguu wakati wa kukata. Ewe Mola, damu ile!

Hospitali wakasema skrubu zimeng'oka mfupani. Nami, bila haya, nikamwambia daktari: "Alikuwa akilivua buti kila siku."

Daktari akanishangaa. "Mimi ndiye niliyemwambia alivue. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kishapona. Aoshe, auchezeshe mguu kidogo kidogo."

Kaka alijua. Mimi sikuwahi hata kumuuliza!

Na unajua Kaka alisema nini kwa watu? Kateleza bafuni. Alinisitiri. Mama akaanza kujipiga mapaja. "Mie ndiye nliyeacha maji chini! Mwanangu nimemvunja mie!" Nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo umevimba. Nikasema mlango umenipiga. Nikamwacha alie, siku kwa siku.

Kifundo cha Kaka sasa kimeunganishwa kwa chuma, hakikunji tena. Ngazi kapewa mwingine. Yeye yuko mezani, anapokea simu za watu wanaoungua.

Jana nikashindwa, nikamwambia Mama ukweli wote. Alinipiga kwa mwiko mpaka ukavunjika, nami sikujikinga. Kisha akakaa chini, akaniuliza: "Ulikuwa ukinisikia ninavyolia, ukanitazama tu?"

Nikainama, nikaokota vipande vya mwiko.

Nyinyi mliojifunza wenyewe kama mimi, mnaotetemeka kitu kikikaa kombo, nakuombeni: mguu una mwenyewe. Muulizeni kwanza. Na ukishakosa, sema siku ile ile, kabla asiye na hatia hajajipiga mapaja kwa ajili yako!