Vidole Viwili Chini ya Ukingo

Tangi la samaki liliingia nyumbani kwetu Ikungi kwa sababu ya uhamisho wa mtu mwingine. Mfanyakazi mwenzake mume wangu alipelekwa mkoa wa mbali, na kioo kirefu kama kitanda cha mtoto hakikuweza kupanda basi. Akatuachia tangi, meza yake ya chuma, pampu ya hewa, chujio, na samaki watano wa mapambo: wanne wekundu na mmoja mweusi mwenye macho yaliyotokeza. Maelekezo hayakuwa marefu.

"Msiwape chakula kingi," alisema, "na maji yasiishe."

Kwetu, maji yasiishe ni jambo rahisi kulisema. Kiangazi kikikolea bomba hutoka linapotaka lenyewe, na siku nyingine tunanunua madumu kwa watu wa mikokoteni. Tena ni maji ya kisima yenye chumvi. Ukiyachemsha yanaacha utando mweupe sufuriani. Ndani ya tangi yalishuka taratibu kwa joto na upepo, na kila yaliposhuka yaliacha mstari mweupe kwenye kioo.

Mimi na mume wangu hatukukubaliana yanapaswa kufika wapi. Yeye alitaka yaguse ukingo kabisa. Alisema tangi lisilojaa ni kama sahani ya mgeni iliyopakuliwa nusu. Mimi ndiye niliyebeba ndoo, kwa hiyo niliona nusu inatosha. Samaki wale hawakuwa na safari ya kwenda popote. Ikawa yeye anajaza siku asiyokwenda kazini, mimi naacha yapungue siku nyingine zote, mpaka maji ya chujio yanaanza kuanguka kwa kelele na mume wangu anapandisha sauti ya redio.

Tulikuwa katika hali hiyo baba yangu alipopata kiharusi. Alikuwa mkulima wa alizeti kule Iguguno, na mama alikuwa ameshafariki. Alikuwa msemaji. Watu walikuwa wanamwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na ilisemekana wengine walipatana mapema ili asianze kuhutubia. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na mdomo. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu. Alielewa kila kitu ulichomwambia, lakini akitaka kujibu ilitoka sauti tu, halafu jasho, halafu anatazama pembeni.

Tuliambiwa tuzungumze naye kama kawaida, tusimfanye mtoto. Mume wangu alilishika hilo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama mbele yake. "Shikamoo, baba." Kisha anasubiri, hata kama amechelewa, mpaka baba ainue mkono wa kushoto.

Sebule yetu ni ndogo. Kiti chake kilienea sehemu moja tu, kati ya dirisha na tangi, kwa hiyo baba akawa anatazama samaki. Televisheni aliikataa kwa kichwa. Nadhani watu wa humo walikuwa wanasema haraka mno. Mimi nashona nguo barazani. Tulikubaliana akinihitaji agonge sakafu kwa fimbo.

Jioni moja nilikunja kazi nikaingia ndani kuwasha taa. Yule samaki mweusi alikuwa sakafuni karibu na mguu wa meza, amekauka, sisimizi wameshamfikia. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Ilikuwa siku ya mapumziko, na mume wangu alikuwa ameyaongeza asubuhi kabla ya kutoka.

"Kumbe wanaruka," mume wangu alisema aliporudi. Akamwokota kwa kipande cha gazeti.

Baba alikuwa amegeuzia uso ukutani. Chakula hakukigusa. Nilimpima homa kwa kiganja, nikamuuliza kama kichwa kinauma, akatikisa hapana. Tulikuwa tumeambiwa mgonjwa wa namna ile anaweza kubadilika hali ya moyo bila sababu, tukaliweka kwenye hesabu hiyo.

Baada ya pale mume wangu hakugusa tena ndoo ya tangi. Nikawa nimeshinda mimi, na maji yakawa yanashuka bila mtu wa kubishana naye. Joto la mwezi wa kumi lilikuwa limeshaingia.

Siku hiyo nilikuwa natia lasi kwenye gauni la mteja niliposikia fimbo. Nilimkuta baba ameinama mbele, shingo imemtoka mishipa.

"Unataka kwenda uani, baba?"

Akatikisa hapana.

"Jua linakupiga?"

Hapana. Akafungua mdomo. "Ma," alisema. "Ma."

Nilikimbilia jikoni nikaleta kikombe cha maji. Akakisukuma kwa mkono mzima, kikanimwagikia kifuani. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nikajifuta kwa khanga, na nilipotulia ndipo nikasikia pampu ya chujio ikikoroma kama inajisafisha koo. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wake na ilikuwa inanyonya hewa. Samaki walikuwa wamebanana chini, kwenye kona.

"Maji," baba alisema. Akapumua. "Chini."

Yalikuwa maneno mawili, ya kwanza tangu augue. Nilichukua ndoo ya maji yaliyokuwa yametuama tangu jana yake nikaanza kumimina kwa kopo, nusu ya maji inakwenda mezani. Kelele ya pampu ikakatika. Nikaendelea. Yalipokaribia ukingo, fimbo ikagonga.

"Basi."

Niliweka vidole kupima. Vilikuwa viwili, cha shahada na cha kati, vikilala kati ya maji na ukingo.

Tangu siku ile kujaza tangi ikawa kazi ya asubuhi ya watu wawili, mmoja na kopo na mmoja na fimbo. Alikuwa na neno "jaza" na neno "basi", na alivyoyatumia ungesema ana kamusi nzima. Siku ya mapumziko mume wangu alishika kopo mwenyewe. Yalipofika pale pa vidole viwili baba akasema basi.

"Yamebaki kidogo tu, baba, yapendeze."

"Basi."

Mume wangu alinitazama. Mkwe habishani na baba mkwe. Akaweka kopo chini, na ugomvi wetu ukaishia hapo.

Maneno mengine yalirudi moja moja, Kinyiramba kwanza, Kiswahili nyuma yake. Asubuhi moja, maji yameshakaa sawa, nilimuuliza kwa nini pale hasa. Alichukua muda mrefu. Alichosema, nikiunganisha vipande, ni kwamba yakishuka mashine inakohoa, na yakijaa yule mweusi alikuwa anakuja juu, anafuata ukingo, anatoa pua.

"Aliruka," alisema. "Nilimwona."

"Ulikuwa macho?"

"Macho. Niligonga." Akaonyesha barazani kwa kidevu. "Cherehani."

Nilielewa. Mashine yangu ilikuwa inakimbia, na fimbo yake haikusikika. Alikaa akamtazama samaki akipiga mkia sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mguu usiomtii, mpaka alipoacha.

"Nikasema moyoni," baba alisema, "na mimi hivi hivi."

Niliburuta kigoda nikakaa pale pale, na nguo za watu zilichelewa siku hiyo. Kesho yake mume wangu alihamishia cherehani sebuleni, ikabidi kabati la vyombo litoke.

Mvua zilipoanza baba aliomba kurudi Iguguno. Mdogo wangu anakaa naye. Hakulima, aliwekewa kiti kandokando ya shamba akaelekeza wapi alizeti, wapi mahindi. Wameshaanza kumwita tena kwenye kesi za mipaka. Sentensi zake siku hizi zina vituo virefu, na mdogo wangu anasema watu wazima wenye hasira zao wanakaa kimya wakisubiri amalize. Mimi nikimpigia simu natafuta kwanza pa kukaa.